Nimeinstoli Arch mara tatu, kila nikiapdeti inaharibika. Nirudi Mint?

Swali la msomaji:

"Kaka habari. Nilikuwa natumia Linux Mint kama mwaka na nusu hivi, miezi miwili iliyopita nikahamia Arch, niliinstoli kwa mkono nikifuata wiki yao mwanzo mwisho, archinstall, ile programu inayokuinstolia, sikuigusa. Inawaka vizuri, nimeweka Sway ya kupanga madirisha, nimeipenda sana. Shida ni apdeti. Nikipiga pacman -Syu nikazima nikawasha, waifai hamna, sauti hamna, nikichomeka flashi inaniambia unknown filesystem type 'vfat'. Nikajua draiva zimekufa, nikafuta nikainstoli upya. Imejirudia, sasa ni mara ya tatu, ila safari hii sijafuta. uname -r inaleta 6.15, alafu pacman -Q linux inaleta 6.16, sijui kama inahusika. Wakati wa kuinstoli kitu pekee kilichosumbua ni bootctl, iligoma ikasema haioni partisheni ya EFI, nikaimaunti, nikarudia pacman -S linux, ikakubali. Mara zote tatu ilikuwa hivyo hivyo. Watu wananiambia Arch sio ya wageni. We unaonaje?"

Mdogo wangu, kwanza nashukuru safari hii hujafuta. Mashine yako nzima, draiva zako nzima, na kinachokosekana nina uhakika karibu wote ni mstari mmoja kwenye faili moja. Majibu yote umeshayaandika mwenyewe kwenye swali lako, yani zile namba mbili ulizosema hujui kama zinahusika ndo kiini chenyewe, na ile ya bootctl (komandi ya kuweka butiloda, yani programu inayoipakia kerneli mashine inapowaka) uliyoitaja kwa kupita tu ndo chanzo.

Tuanze na namba. uname -r inakwambia kerneli ipi, yani ule moyo wa mfumo unaoongea na vifaa, inafanya kazi sasa hivi kwenye mashine. pacman -Q linux inakwambia kerneli ipi pacman, programu ya Arch ya kuinstoli na kuapdeti pakeji, anaamini ameinstoli. Kwenye mashine iliyotoka kuwashwa upya hizo mbili lazima zilingane (uandishi unatofautiana kidogo, mmoja anaweka kistari pale mwenzake anapoweka nukta kabla ya neno arch, hiyo isikushtue). Za kwako hazilingani hata baada ya kuzima na kuwasha, kwaiyo maana yake ni moja tu, kerneli mpya imeshuka, imewekwa mahali, lakini mashine inapowaka inaenda kuchukua ile ya zamani kutoka mahali pengine. Una kerneli mbili sehemu mbili tofauti na hujui.

Kwanini sasa waifai ife? Kerneli ya Linux haibebi draiva zote tumboni, nyingi zinakaa nje kama moduli, kwenye folda la /usr/lib/modules, na humo kila toleo la kerneli lina folda lake lenye jina la toleo hilo hilo. Ukiapdeti, pacman anaondoa folda la 6.15 anaweka la 6.16. Ukiwasha, inaamka kerneli ya 6.15, inaenda kutafuta folda lake, hamna. Kuna la 6.16 pale lakini haliwezi kulitumia, moduli za toleo lingine sio zake. Kwaiyo waifai inakosa moduli, sauti inakosa moduli, na hata vfat, ambayo ndo fomati ya flashi nyingi, nayo ni moduli, ndo maana inakwambia haiijui. Flashi yako haina tatizo lolote.

Utaniuliza, mbona kioo kinawaka na kibodi inafanya kazi na diski inafunguka? Hapo inaingia initramfs, lile faili dogo linalopakiwa pamoja na kerneli wakati wa kuwaka. Ndani yake mkinitcpio, programu inayolitengeneza, huwa anaweka zile moduli za lazima za kuanzia, za diski, kibodi, kadi ya picha. Na initramfs yako nayo ni ya zamani, inaendana na hiyo kerneli ya zamani, kwaiyo hatua ya kwanza inapita vizuri kabisa, alafu mfumo ukishaingia ndani ukaanza kuomba vitu vingine ndo unagonga ukuta. Ndo sababu umehangaika na draiva muda wote huu, dalili zenyewe zinakupeleka kwenye draiva.

Kabla sijasahau, kuna hali inafanana na hii ila yenyewe ni ya kawaida kabisa. Ukishaapdeti kerneli na hujazima mashine bado, ukachomeka flashi inaweza kukukatalia kwa sababu ile ile, folda la moduli la toleo linalofanya kazi limeshaondolewa. Hiyo dawa yake ni kuzima na kuwasha tu. Ya kwako ni tofauti kwa sababu umezima na kuwasha na bado.

Sasa turudi kwenye chanzo. Nasoma ulivyoandika naona mpangilio ulikuwa hivi, ulimaunti (yani uliunganisha) partisheni kuu kwenye /mnt, ukapiga pacstrap ya kuweka mfumo wa msingi, ukapiga genfstab ya kuandika fstab (faili linaloorodhesha partisheni za kumaunti mashine inapowaka), ukaingia ndani ya mfumo mpya kwa arch-chroot, ukaendelea mpaka bootctl install, ikagoma. Iligoma kwa sababu partisheni ya EFI, ile ndogo inayosomwa mashine inapoanza kuwaka, ulikuwa hujaimaunti. Ukaimaunti kwenye /boot, bootctl ikakubali, ukarudia pacman -S linux na kerneli ikaandikwa humo, mashine ikawaka. Kwa macho yako kila kitu sawa. Lakini genfstab ilishapita zamani! Yenyewe inaandika kile kilichomauntiwa wakati ule ule unaoipiga, na wakati ule /boot haikuwepo kwenye orodha. Kwaiyo fstab yako ina mstari wa partisheni kuu peke yake. Mashine ilipozimwa na kuwashwa, partisheni ya EFI haikumauntiwa tena, /boot ikabaki folda la kawaida ndani ya partisheni kuu. Wiki mbili baadaye unaapdeti, pacman anaandika kerneli mpya kwenye /boot kama alivyoelekezwa, ila hiyo /boot sio ile anayoisoma butiloda. Butiloda yeye anasoma partisheni ya EFI, ambayo bado ina kerneli ya siku ya kuinstoli. Hakuna kosa lililotokea, kila mtu kafanya kazi yake, ndo maana hukuona ujumbe wowote mwekundu.

Kuna wengine wanafanya kosa hili hili na hawaoni chochote, na hiyo huwa inachanganya sana watu wakianza kulinganisha. systemd, programu inayoanzisha kila kitu mfumo unapowaka, ina kawaida ya kutafuta partisheni ya EFI na kuimaunti yenyewe kwenye /boot hata kama fstab haisemi kitu, lakini inafanya hivyo pale tu folda linapokuwa tupu. Kwako pacstrap ya kwanza ilishaacha kerneli humo, folda halikuwa tupu, systemd akalipita. Na kwa vile mara zote tatu umefuata njia ile ile, umepata jibu lile lile mara zote tatu.

Haya, kuitengeneza. Waifai hamna, kwaiyo washa kwa flashi ya kuinstolia, humo intaneti unaipata kwa iwctl kama siku ya kwanza. Piga lsblk -f uone partisheni zako. Nachukulia mfano kwamba ile ya ext4 ni nvme0n1p2 na ile ya vfat, yani ya EFI, ni nvme0n1p1, we weka majina yako halisi na uhakikishe mara mbili kabla ya kubonyeza enta.

mount /dev/nvme0n1p2 /mnt
ls -l /mnt/boot

Simama hapo uangalie. Hujamaunti EFI bado, kwaiyo hapo ndani pangetakiwa pawe tupu. Ukikuta vmlinuz-linux yenye tarehe ya apdeti yako ya juzi basi umeiona kerneli yako mpya iliyokuwa imejificha, na hapo huna haja ya kuniamini mimi tena maana umeona mwenyewe. Ukikuta patupu, usiendelee na nilichoandika chini, nirudie kwanza na matokeo ya lsblk -f, maana itakuwa ni kitu kingine.

Hayo mafaili yatoe hapo, usiyafute bado, yahamishe tu:

mkdir /mnt/root/boot-ya-zamani
mv /mnt/boot/* /mnt/root/boot-ya-zamani/

Alafu maunti EFI juu yake:

mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot
ls -l /mnt/boot

Sasa utaona vmlinuz-linux nyingine, ya tarehe ya zamani, pamoja na mafolda ya EFI na loader. Hiyo ndo inayokuamsha kila siku. Baada ya hapo piga genfstab -U /mnt bila kuielekeza kwenye faili, iache ikuandikie kwenye skrini tu. Wengi hapa wanapiga tena ile komandi yenye >> na wanaishia na mistari ya partisheni kuu mara mbili kwenye fstab, we usifanye hivyo, chukua ule mstari wa /boot peke yake uuweke kwenye /mnt/etc/fstab kwa nano au editha unayoipenda. Hakikisha UUID, yani utambulisho wa partisheni, umeiandika sawa, ukikosea herufi moja mashine ikiwaka itakaa inaisubiri partisheni ambayo haipo.

Kisha:

arch-chroot /mnt
pacman -Syu linux

Hiyo inarudisha kerneli, na huku ikimalizia, huki za pacman (viskripti vinavyojiendesha vyenyewe) zinanakili vmlinuz, yani faili la kerneli, kwenda /boot na kumwita mkinitcpio atengeneze initramfs mpya. Kama uliweka intel-ucode au amd-ucode (marekebisho ya prosesa), zitaje kwenye komandi hiyo hiyo maana nazo zina faili lake kwenye /boot. Piga df -h /boot uone kama nafasi inatosha, hasa kama unagawana partisheni ya EFI na Windows, maana ile ya Windows mara nyingi ni megabaiti 100 tu na inajaa haraka sana ukianza kuweka kerneli humo. Toka kwa exit, umount -R /mnt, reboot. Ukiingia piga uname -r, pacman -Q linux, na findmnt /boot. Hiyo ya tatu ndo ya kuizoea, ikikujibu kwa mstari wenye vfat basi /boot yako ni ile ya kweli, ikikaa kimya basi hakuna kilichomauntiwa.

Sasa hili la watu kukwambia Arch sio ya wageni.

Mi naona wanaliweka vibaya. Arch wenyewe wanasema distro yao, yani toleo lao la Linux, inamlenga mtu mwenye uzoefu, au yeyote mwenye moyo wa kujifanyia mwenyewe, aliye tayari kusoma maelezo na kutatua shida zake. Hapo kwenye "au" ndo pana nafasi yako. Ilianza mwaka 2002, Judd Vinet ndo aliyeianzisha, na tangu mwanzo msimamo ulikuwa ni kuiweka nyepesi na kumwachia mtumiaji maamuzi. Mwaka 2012 hata ule mfumo wa kuinstoli uliokuwepo waliutoa, wakabaki na viskripti kama pacstrap na genfstab, ikaenda hivyo karibu miaka tisa mpaka archinstall ikaingizwa kwenye flashi yao mwaka 2021. Kwaiyo ule mstari wa partisheni ya EFI, kwenye Mint ulikuwa unaandikwa pia, ila kuna programu iliuandika kwa niaba yako na hukuwahi kujua upo. Ulipohama, kazi hiyo ilihama ikaja kwako, na hakuna aliyekuja kukwambia orodha nzima ya vitu ambavyo vimekuwa vyako kuanzia leo. Nadhani hiyo ndo shida ya wageni wengi wa Arch. Kuinstoli ni mchana mmoja tu na wiki yao ya mtandaoni imeeleza hatua kwa hatua, ila kuitunza ni miezi na miaka na hapo ndo watu wanaachwa peke yao, wanapongezana kwa kuinstoli alafu basi.

Kwaiyo naomba nikuachie machache ya utunzaji, yale ambayo ningependa mtu aniambie mimi mapema.

La kwanza na kubwa kuliko yote, apdeti ni nzima au usiapdeti. pacman -Syu, basi. Usije ukapiga pacman -Sy ikifuatwa na jina la programu moja, hata ukiiona imeandikwa kwenye maelezo ya mtu mtandaoni. Ile -Sy inaleta orodha mpya ya pakeji lakini haiapdeti ulizonazo, kwaiyo hiyo programu moja inashuka pamoja na laibrari mpya inazohitaji, na programu zako nyingine zote zilijengwa kwa laibrari za zamani. Mi iliwahi kunitokea, nilikuwa na haraka, nilitaka kiprogramu kimoja kidogo tu na sikutaka kushusha apdeti nzima, nikapiga -Sy na jina lake. Kikashuka na toleo jipya la icu, ile laibrari ya kushughulikia maandishi ya lugha mbalimbali, na ndani ya dakika tano programu zaidi ya nusu zinakataa kufunguka, kila moja inaniambia haioni faili la libicu lenye namba fulani. Nilikaa na hofu kweli siku ile, na kumbe dawa ilikuwa ni kumalizia nilichokikimbia, -Syu nzima, kila kitu kikalingana na kikarudi. Ukitaka programu mpya na orodha yako ni ya zamani, piga -Syu pamoja na jina lake.

Yenye ruhusa maalumu ni archlinux-keyring peke yake. Ukikaa muda mrefu bila kuapdeti, pacman anaweza kukataa pakeji akisema saini hazitambui, hapo unashusha hiyo kwanza kwa -Sy alafu papo hapo unafuata na -Su, usiache katikati.

La pili, soma ukurasa wao wa mbele kabla ya kuapdeti. Habari zenyewe ni chache, kwa mwaka ni za kuhesabu, na nyingi hazitakuhusu, ila zile zinazokuhusu zinakuhusu kweli. Mwezi wa sita mwaka 2025 waliigawa linux-firmware ikawa pakeji kadhaa, na aliyeapdeti bila kusoma alikutana na pacman anagoma akilalamika kuhusu mafaili ya nvidia ambayo tayari yapo. Dawa ilikuwa imeandikwa pale pale, unaitoa linux-firmware kwa namna waliyoonyesha, unairudisha pamoja na -Syu. Aliyesoma alitumia dakika mbili. Mwezi wa nane mwaka 2022 ilikuwa GRUB, butiloda nyingine, mashine za watu kadhaa zikagoma kuwaka baada ya apdeti. We unatumia systemd-boot, ile inayowekwa na bootctl, isingekugusa, lakini ndo uone kwamba inalipa kujua mashine yako imejengwa na nini.

Hapo hapo niseme la kuapdeti lini. Mi naapdeti mara moja kwa wiki, siku ambayo nina muda wa kukaa nayo ikikorofisha, na kamwe sio asubuhi ya siku yenye kazi ya kuwasilisha. Kukaa miezi bila kuapdeti nako sio usalama, mabadiliko yanarundikana na yote yanakuja kwa mkupuo, ukipata shida hujui imetoka wapi.

Instoli linux-lts pembeni ya linux. Hii nakuomba ufanye wiki hii hii. Ni kerneli ya pili, ya tawi linalotunzwa muda mrefu, unaiandikia ingizo lake kwenye loader/entries na ikitokea kerneli mpya haipatani na kadi yako ya waifai unachagua ile nyingine wakati wa kuwaka na unaendelea na kazi zako, ya kutafuta sababu utaitafuta jioni. Na ile hazina ya pakeji iliyoko /var/cache/pacman/pkg usiifagie yote. Najua inakua kubwa na watu wanakimbilia kuifuta, lakini ndo inayokuwezesha kurudi nyuma, toleo jipya likisumbua unapiga pacman -U na faili la toleo la zamani kutoka humo. paccache, iliyo kwenye pacman-contrib, inakuachia matoleo matatu ya mwisho ya kila pakeji na kufuta mengine, hiyo inatosha.

AUR sasa. Hujaniuliza ila najua utafika, kila mtu anafika. AUR sio stoo ya Arch. Ni mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuweka maelekezo ya kujenga pakeji, na maelekezo hayo yanaitwa PKGBUILD, ni skripti ya kawaida inayofanya kazi kwenye mashine yako. Mwaka 2018 mtu alichukua pakeji ya acroread ambayo ilikuwa imeachwa bila mtunzaji akaingiza humo mstari wa kushusha skripti yake. Mwaka 2025, mwezi wa saba, ziligunduliwa pakeji zenye majina ya kuvutia ya brauza, kama firefox-patch-bin, ambazo zilikuwa zinaweka programu ya kumruhusu mtu wa mbali aitawale kompyuta yako. Ziliondolewa haraka lakini waliokwisha kuinstoli walishainstoli. Kwaiyo fungua PKGBUILD usome kila mara, angalia sehemu ya source inashusha kutoka wapi, angalia kama kuna faili la .install na linafanya nini. Mwanzoni hutaelewa yote, ni sawa, baada ya kusoma kumi hivi utaanza kuona kipi ni cha kawaida na kipi kimekaa vibaya. Na usiziruhusu hizo helpa za kujengea pakeji za AUR, kama yay, zikuvushe hatua hiyo.

Mafaili ya .pacnew nitayapita haraka, ni pale ambapo umebadilisha faili la mipangilio na pakeji mpya imekuja na lake, pacman haandiki juu ya la kwako, anaweka jipya pembeni. Piga pacdiff mara moja moja uyalinganishe.

Alafu daftari. Mi nina faili moja la maandishi, kila nikigusa kitu chini ya /etc naandika tarehe, faili gani, na kwanini. Mistari miwili mitatu tu. Ungekuwa nalo ungekuwa umeandika "bootctl ilikataa, nikamaunti EFI baada ya genfstab" na mara ya pili ilipojirudia ungelitazama ukasema ngoja kwanza. Na shida ikitokea, kabla ya kukimbilia kufuta, piga systemctl --failed na journalctl -b -p err, soma hata kama huelewi, nakili ule mstari utafute. Kufuta na kuinstoli upya kunakurudisha kwenye mashine inayowaka lakini kunafuta pia ushahidi wote, we umefuta mara mbili na mara zote mbili jibu lilikuwa limekaa pale kwenye uname.

Nirudi kwenye swali lako la mwisho basi, urudi Mint au ubaki. Mint ni distro nzuri sana, na Debian, na Fedora, na mtu akiniambia ana kompyuta moja tu, ndo inayomlisha, na hizi habari za kerneli na fstab zinamchosha, namwambia arudi leo na asione haya, atapata kazi yake imefanyika. Lakini we uliniandikia kwamba umeipenda sana, umekaa miezi miwili unaipanga Sway yako, na zaidi ya hapo mara ya tatu ilipoharibika uliacha kufuta ukapiga uname -r ukaileta pamoja na pacman -Q. Hakuna aliyekutuma ulinganishe hizo mbili. Mtu anayefanya hivyo mi simwambii arudi. Baki.

Ila nyaraka na picha zako zihamishie kwanza kwenye diski ya nje kabla hujagusa hata hatua moja ya hapo juu. Flashi ya vfat kwa sasa mfumo wako haiwezi kuifungua, kwaiyo fanya hivyo ukiwa umewasha kwa flashi ya kuinstolia, maunti partisheni yako kuu na diski ya nje, nakili folda la home lote. Na ile flashi ya kuinstolia ukimaliza usiifute, iweke droo ya karibu. Ukishafika mwisho niletee matokeo ya findmnt /boot na uname -r, na apdeti nyingine usipige mpaka hizo mbili zimekaa sawa.